Kulipima Tumba la Asumini

Ubora wa asumini, ua la kichaka ambacho wataalamu wa mimea hukiita Jasminum sambac na ambacho hupandwa katika nyua nyingi za Unguja, Mombasa na Lamu, haupimwi kwa ua lililokwisha kuchanua, bali kwa tumba, yaani ua ambalo petali zake zingali zimefumba. Tumba lililokomaa hufunguka jioni na kumwaga harufu yake usiku, na kesho yake ua huanza kupoteza weupe. Kwa hiyo achumaye ua lililo wazi huchuma harufu ambayo imekwisha kupungua.

Tumba la kuchaguliwa ni lile la alasiri, lililovimba na kuwa jeupe kama tui, lisilo na ukijani hata shinani, na linaloachana na kikonyo chake bila kuvutwa kwa nguvu. Lenye ukijani ni changa, nalo huweza kunyauka kabla ya kufunguka, ilhali lenye madoa ya zambarau lafaa kushukiwa na kugeuzwageuzwa, kwani mara nyingi ubavuni huonekana tundu la funza. Pua isifanywe hakimu wa kwanza: wako wanaolitupa tumba bora kwa kuwa halinukii alasiri, na hilo ni kosa la kusikitisha, maana ukimya huo ndio dalili kwamba harufu bado imo ndani.

Kwa kuwa maua hutokea kwenye machipukizi, kichaka kilichopogolewa na kupata jua hustahili kuaminiwa kuliko kile kirefu, chenye majani mengi, kilichosimama kivulini.

Kazi ya mkono hupimwa katika kikuba, kishada kidogo cha asumini na rehani, pengine pamoja na waridi au mkadi, ambacho wanawake huvaa kifuani au nyweleni. Rehani yake iwe yenye majani mabichi na isiwe imetoa mbegu, na iwe kiasi cha kuyategemeza maua, kwa sababu ikizidi huimeza harufu ya asumini. Uzi nao ukaze bila kuponda shingo za maua, kwani palipopondwa hugeuka rangi upesi. La muhimu kuliko yote hayo, matumba yawe ya rika moja ili yafunguke pamoja, kwani yakichanganywa, mengine huwa yamekwisha kuchakaa wakati wenzake ndiyo kwanza yanachanua.