Sangara wa Majua Mawili

Kuna picha kubwa imetundikwa kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Mwanza, na kila anayepita anaisifu. Eti ni chini ya Ziwa Victoria. Maji ni bluu tupu, miale ya jua inashuka kila upande, matumbawe yamechanua, na katikati anapita sangara. Matumbawe! Katika maji baridi! Nimewasikia watu wazima, wenye shahada zao, wakisema fundi huyu ni kiboko. Kiboko gani? Ameingiza modeli kwenye kompyuta, amebonyeza kitufe cha bahari, amerenda, amelipwa. Kwa kuwa sifa za bure huua kazi nzuri, acha niseme jinsi mwenye macho anavyoikagua picha ya namna hii.

Anza na maji, samaki baadaye. Tangu enzi za programu kama Bryce na Vue hadi Terragen na Blender za leo, mafundi wengi hukimbilia mipangilio ya bahari, kwa sababu inapendeza haraka. Katika bahari safi, wekundu humezwa kwanza na bluu hubaki. Kwetu mambo ni kinyume: mwani na vitu vilivyoyeyuka majini humeza bluu mapema, na kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unavyoelekea kwenye njano na wekundu. Ukitaka shahidi, waulize furu, samaki wadogo wa ziwa hili. Kwenye mawe ya kisiwa cha Makobe, Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa bluu, hukaa karibu na uso wa maji. Ndugu yake mwekundu, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, hukaa chini zaidi. Mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walichapisha katika jarida la Nature mwaka 2008 kwamba hata macho ya samaki hao yameelemea mwanga wa kina wanamoishi. Na si kila kisiwa kina maji ya namna moja. Kile kisahani cheupe cha kupimia uangavu hupotea machoni kwenye nusu mita hivi pale Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza, ilhali Makobe huzidi mita 2. Katika maji mazito ya Luanso, aina hizo mbili hazitengani tena kwa rangi. Kwa hiyo fundi anayekupa furu mwekundu na furu wa bluu, wote wanang'aa, ndani ya maji ya Luanso, amekudanganya mara mbili.

Tukija kwa samaki, makosa ya kuingiza modeli yenyewe sitakaa nayo sana, maana mengi hujitangaza. Modeli ya OBJ ikifika kijivu kitupu, faili la MTL bado linataja folda ya kompyuta ya mtu mwingine. Hilo hata mtoto analiona. Kipimo kikipotea, furu wa sentimita 10 anampita mpiga mbizi. Chaneli ya kijani ya ramani ya nomali ikigeuka, magamba hubonyea badala ya kutokeza. Ramani ya uwazi ikikatwa ovyo, pezi hubaki na uzi mweupe pembeni. Fundi wa wastani huyarekebisha haya yote, na hapo ndipo mshamba anapodhani kazi imekwisha.

Haijaisha. Tazama ubavu.

Tekscha ya samaki, yaani picha ya ngozi inayovikwa modeli, hutoka wapi? Mara nyingi hutoka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Fundi anafika saa sita mchana, anamkuta sangara amelazwa, anampiga picha kutoka juu, anarudi nyumbani anaipachika kwenye modeli. Sasa fikiri pamoja nami. Samaki aliyelazwa hupigwa na jua ubavuni. Mng'ao unakimbia kutoka kwenye shavu hadi shina la mkia, katikati kabisa ya mwili. Samaki huyo huyo akisimamishwa majini, mgongo juu na tumbo chini, mng'ao unabaki pale pale ubavuni, ingawa jua la picha liko juu ya uso wa maji. Anaogelea huku amebeba jua la Kirumba, ubavu unameta kama mkanda wa koti la trafiki usiku. Ukaguzi haujaisha. Kwa uvivu, fundi alipiga upande mmoja tu, kisha akaugeuza kupata wa pili. Zungusha modeli: mng'ao upo kushoto, mng'ao upo kulia. Ziwa limepata majua mawili, moja Sengerema na jingine Ukerewe, na samaki yuko katikati yao. Gamba lililong'oka kushoto limeng'oka na kulia, mahali pale pale.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linavunja kitu ambacho samaki mwenyewe amekijenga. Mgongo wa samaki ni mweusi na tumbo ni jeupe kwa sababu: mwanga wa juu huangaza mgongo na kulitia tumbo kivuli, rangi na mwanga vinafutana, samaki anakuwa bapa, karibu atoweke. Kutoweka huko ndiko uhai wake. Picha nzuri ya ziwa humfanya mtazamaji amtafute samaki kwa sekunde moja kabla ya kumwona. Picha mbaya humtupa usoni. Mwanga ni kazi ya programu. Tekscha iachiwe rangi ya ngozi tu.

Nilimjua fundi mmoja wa Nyakato aliyelishika jambo hili kabla yetu sote. Alikuwa hapigi picha samaki mpaka wingu lifunike jua, na kama wingu halikuja, alirudi nyumbani mikono mitupu huku wachuuzi wakimcheka. Alipiga kushoto, alipiga kulia, kisha mapezi moja moja yakiwa yametandazwa juu ya karatasi nyeupe. Jicho hakulichukua sokoni hata siku moja, kwa sababu la samaki aliyekufa limeshaingia utando. Alilichora mwenyewe, jeusi lenye duara la njano, jinsi lilivyo la sangara hai. Mteja alimlalamikia kwamba samaki wake hawaonekani vizuri. Akamjibu: "Na wavuvi wanalalamika hivyo hivyo."

Makanjanja nao wapo. Mmoja alinunua modeli ya jamaa wa sangara anayeishi Australia na kusini mwa Asia, akabadilisha jina la faili, akaiuza kama sangara halisi wa Mwanza. Mwingine kila akibanwa hujibu kwamba maji yetu ni machafu, kisha anaongeza ukungu mpaka makosa yote yamezama. Ukungu si kosa, lakini ukungu unaomeza samaki wa mbele na kuacha jiwe la nyuma ni ushahidi.

Sheria nyingine ni fupi. Samaki wakubwa wasizidi watatu. Dagaa wasinakiliwe, kundi likiwa na samaki mmoja aliyerudiwa mara mia mbili, jicho litamkamata. Sato asiye na mistari ya wima kwenye mkia si sato. Dume wa furu asiye na madoa ya njano kwenye pezi la chini hajakamilika. Miale ya jua inayoshuka ni ya watu wa matangazo. Na asiyeweza kumtengeneza kamongo kwenye tope asijiite fundi wa ziwa.

Zamani tulikuwa waangalifu kwa lazima. Poser na Bryce zilitufikia kwenye sidii zilizonakiliwa, picha moja ililala ikirendwa, na umeme ukikatika saa tisa usiku unaanza upya. Mtu hakuthubutu kurenda samaki ambaye hajamzungusha pande zote. Leo mashine ni za kasi, kosa halina gharama, kwa hiyo linachapishwa. Hata ziwa lilikuwa angavu kuliko sasa, na waliolipiga mbizi zamani wanakumbuka rangi ambazo vijana wanazibuni.

Ukitaka kuagiza picha, usianze na bei. Mwombe fundi akuonyeshe samaki peke yake, bila maji, bila ukungu, ubavu wa kushoto na wa kulia, akiwa chini ya mwanga wa kutoka juu. Akikuonyesha, kaa naye mpatane. Akisema faili limepotea, usimpe hata kianzio.