Hadhira Kama Matini: Ulinganishi wa Rekodi za Watazamaji wa Onyesho la Queen, Knebworth 1986, na Funzo Lake kwa Utafiti wa Fasihi Simulizi

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kulinganisha rekodi zilizonaswa na watazamaji wa kawaida katika onyesho la muziki wa roki. Mfano mkuu ni onyesho la bendi ya Queen lililofanyika Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986. Hoja kuu ni kwamba kigezo cha usafi wa sauti hakitoshi, kwa kuwa kinaihesabu hadhira kuwa kelele. Hoja hiyo inapimwa kwa kosa la mwandishi mwenyewe alipokuwa akikusanya data Mahoko, wilayani Rubavu.

1.0 Utangulizi

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury. Katika mazungumzo yetu hutajwa zaidi kama fahari ya Visiwani. Hapa anatajwa kwa sababu nyingine: alikuwa fanani aliyejua kuitumia hadhira. Onyesho la Knebworth lilikuwa la mwisho kwa Queen akiwa mwimbaji wao, na waliohudhuria wanakadiriwa kuzidi laki moja. Mwishoni mwa mwaka huo ilitoka albamu ya Live Magic, iliyounganisha vipande vya maonyesho ya ziara ile, na nyimbo kadhaa zikafupishwa. Anayetaka kulifuata onyesho hilo kwa mtiririko wake hana budi kuzirudia kaseti za watazamaji.

2.0 Kigezo cha Ulinganishi

Mulokozi (1989) anafafanua tukio la fasihi simulizi kwa kuzingatia fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Lord (1960) naye alionyesha kwamba kila utendaji ni utungo kamili, wala si nakala yenye dosari ya utungo fulani wa asili. Tukiyakubali mawazo haya mawili, swali la "ipi ndiyo rekodi sahihi?" linapoteza nguvu. Swali lenye manufaa ni hili: kila rekodi imehifadhi vipengele vipi kati ya hivyo sita, na imepoteza vipi?

Kazi hii si ngeni kwetu. Wahakiki wa tendi wamezoea kulinganisha miswada, wakitenganisha mkono wa mtunzi na mkono wa mnakili. Kaseti nayo ina wanakili wake. Kila inaponakiliwa kutoka kaseti nyingine, mvumo huongezeka na sauti nyembamba hufifia. Betri za kinasa zikichoka wakati wa kurekodi, utepe hujivuta polepole. Ukichezwa baadaye kwa mwendo wa kawaida, mwimbaji husikika amepanda juu kuliko alivyoimba. Mhakiki asiyelijua jambo hili anaweza kumsifu fanani kwa ufundi ambao kwa hakika ni wa betri.

3.0 Uchambuzi

Rekodi za watazamaji hutofautiana kwanza kwa mahali. Kinasa kilichokuwa karibu na vipaza sauti hubeba ala kwa nguvu, na umati husikika kwa mbali. Kilichokuwa nyuma uwanjani hupokea muziki kwa kuchelewa: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo aliyesimama mita 100 kutoka kwenye kipaza sauti huupata mdundo baada ya karibu theluthi ya sekunde. Makofi ya watu walio mbali huonekana kukosa mdundo, ilhali kila mmoja anaufuata kama unavyomfikia. Msikilizaji wa kaseti moja atasema umati haukujua kupiga makofi. Anayelinganisha mbili ataelewa kuwa uwanja ule ulikuwa na nyakati nyingi kwa pamoja.

Tofauti ya pili ni ya mikato. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na onyesho la takriban saa mbili haliwezi kuenea humo. Mrekodi hulazimika kuigeuza na kuibadilisha, na kila afanyapo hivyo kipande hupotea. Kwa kuwa warekodi hawageuzi kwa wakati mmoja, pengo la huyu huzibwa na rekodi ya yule. Hata hivyo, rekodi iliyounganishwa hivyo ina kasoro yake: msikilizaji huhamishwa kutoka kiti kimoja hadi kingine bila kuambiwa.

Tofauti ya tatu, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, inahusu hadhira. Katika "Love of My Life" Mercury alizoea kuwaachia watazamaji waimbe. Aidha alikuwa na desturi ya kutoa sauti fupi na kungoja umati uijibu, kama mtambaji anavyongoja kuitikiwa kabla ya kuendelea na ngano. Katika nyakati hizo aliye jukwaani hunyamaza, na matini yote iko uwanjani. Rekodi ya kitaalamu hutuletea itikio hilo kama wimbi moja lisilo na nyuso. Kaseti ya mtazamaji hutuletea mtu mmoja anayekosea maneno, mwenzake anayemrekebisha, na wa tatu anayecheka. Wakusanyaji wanaozipanga rekodi kwa usafi pekee huishusha daraja rekodi ya namna hii kwa sababu ileile inayopaswa kuipandisha.

4.0 Kosa la Mahoko

Nasema haya nikijua kwamba nami nimeyatenda. Miaka kadhaa kabla ya mafuriko ya Mei 2023, nilimrekodi mzee mmoja mpiga inanga kwenye sherehe Mahoko. Aliimba kwa Kinyarwanda. Wafanyabiashara waliozoea njia ya Goma walimtania na kumjibu kwa Kiswahili, naye akawa anabadilisha mistari kulingana na majibu yao. Nilipoandaa nakala ya kuchambuliwa niliyaondoa majibu hayo yote, nikaandika pembeni: "kelele zimesafishwa."

Mimi ni mtafiti wa Kiswahili. Katika rekodi ile Kiswahili kilikuwa kwa hadhira peke yake, na nilikifuta kwa mkono wangu. Kaseti ya awali ilihifadhiwa katika nyumba ya jamaa karibu na mto Sebeya. Maji yalipoingia ilikwenda na vingine vingi vya thamani kubwa zaidi. Kilichobaki ni nakala yangu safi, pamoja na rekodi ya simu ya kijana mmoja aliyesimama nyuma kabisa. Katika rekodi hiyo inanga haisikiki vizuri, lakini watani wanasikika. Siku hizi ndiyo ninayowasikilizisha wanafunzi wangu.

5.0 Hitimisho

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na haja ya kukusanya ushahidi wa matumizi yake halisi imeongezeka. Makala haya yanapendekeza mambo matatu: rekodi zaidi ya moja za tukio moja zihifadhiwe bila kuunganishwa, mahali aliposimama mrekodi paandikwe, na maneno ya hadhira yanukuliwe kikamilifu kama ya fanani. Kusafisha sauti kufanyike kwenye nakala tu, wala kusiitwe kazi ya kiufundi, kwa maana ni uhakiki, na anayeufanya atoe sababu zake.