Nafasi Nyeupe Kwenye Patografu

Patografu ni karatasi ya ukurasa mmoja, na mwandishi wake ni mkunga. Juu anatia nukta za mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Katikati anaweka alama ya X kila anapopima mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, na duara kuonyesha kichwa kinavyoshuka. Chini yake vimo visanduku vya mikazo: nukta kwa mkazo usiofika sekunde 20, mistari ya mshazari kwa wa sekunde 20 hadi 40, wino mtupu kwa unaozidi hapo. Huu ni uandishi wa hali ya juu. Uchungu ukikolea, karatasi nayo inakuwa nyeusi.

Uti wa mgongo wa karatasi hii ni mistari miwili. Mwaka 1972 watafiti Philpott na Castle, wakiwa katika mji ambao leo ni Harare, walichapisha mstari wa tahadhari unaopanda sentimita 1 kwa saa, na saa 4 kulia kwake mstari wa kuchukua hatua. Walitaka mkunga wa kituo cha mbali ajue lini amsafirishe mama. Msomaji wa Wabera, mjini Isiolo, Kenya, ambako kina mama wa Merti na Garbatulla huletwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti, haelezwi maana ya ile nafasi nyeupe kati ya mistari. Ni barabara. Ni muda wa kupata gari, kusafiri na kufika mtoto akiwa hai.

Hata hivyo, mstari ulionyooka unadai kwamba mlango wa kizazi hufunguka kwa mwendo mmoja, na hapo jeni zinaupinga. Kwa miezi mingi projesteroni huzituliza jeni za kukaza misuli ya mji wa mimba. Siku zikikaribia, homoni hiyo haipungui katika damu ya binadamu. Hubadilika uwiano wa vipokezi vyake, aina A ikiishinda aina B, na agizo la kutulia likapoteza nguvu. Ndipo jeni ya GJA1 inapotoa kwa wingi koneksini 43, protini inayoziunganisha seli za misuli zikaze kwa pamoja. OXTR huongeza vipokezi vya oksitosini, na PTGS2 huchochea prostaglandini. Jambo moja huamsha jingine. Patografu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2000 ilianza kuandikwa kwenye sentimita 4, kisa kikiwa kimeshafika mbali.

Lakini tusiipe maabara ushindi wa bure. Sampuli nyingi za misuli hiyo huchukuliwa wakati wa upasuaji wa kujifungua, nyingine kabla ya uchungu na nyingine ukiwa umeanza, kutoka kwa wanawake tofauti. Tunapata mwanzo na mwisho, mhusika amebadilishwa katikati. Patografu haimwachi mama yule yule tangu X ya kwanza.

Mstari wenyewe uliangushwa na wanawake wa Afrika. Utafiti wa mwaka 2018, wa wanawake 5,606 wa Nigeria na Uganda waliojifungua bila madhara makubwa, ulionyesha kwamba kabla ya sentimita 5, kila sentimita kwa kawaida ilichukua zaidi ya saa moja. Mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2020, ukaufuta. Sasa kila sentimita ina kikomo chake: saa 6 kwenye ya 5, saa 2 kwenye ya 9. Zaidi ya hayo, mwenzi wa kumliwaza mama, kinywaji na mkao wake vimepewa safu zao, tena juu ya karatasi. Mpangilio huo unamweka mama mbele ya kizazi chake, nami nauunga mkono kwa moyo wote.

Ila ile nafasi nyeupe imepotea. Saa 6 za kusubiri karibu na chumba cha upasuaji haziwi sawa na saa 6 za kusubiri Merti. Wanaochapisha fomu hii kwa kaunti kama Isiolo waongeze safu moja: saa za njiani.