Msimu wa Michezo, Kisiwani Mafia

Kwetu Mafia ukitaja msimu, mtu anafikiria upepo: kaskazi au kusi? Ndiyo maana mshikaji wangu mmoja wa Dar aliponiuliza, "Nyie huko msimu ujao mnaonyesha michezo gani?" nilicheka kwanza. Baadaye nikaona aibu. Kilindoni hapa hatuna kundi lenye tamthilia zake tatu nne kichwani, za kubadilishana, leo hii kesho ile. Basi nikasema potelea mbali, msimu huo nitaupanga mwenyewe kwenye karatasi, halafu niukosoe. Karatasi haiombi kibali.

Wala sioti. Makundi ya Dar ya miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano na TOT, yalifanya hivyo hivyo: usiku mmoja ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, taarab. Ila maigizo yale mengi hayakuandikwa. Kundi likisambaratika, igizo nalo linazikwa. Sisi tulio mbali na jukwaa tumebaki na vitabu, na vitabu vyenyewe tumevisomea mtihani. Mimi Kinjeketile nilifundishwa kama orodha ya dhamira: umoja, ujasiri, ukombozi. Nikajaza, nikapata alama, nikasahau.

Juzi nimekisoma tena, na ndicho cha kwanza kwenye msimu wangu. Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia hii mwaka 1969, na tangu hapo wengi wanaiona kama hadithi ya shujaa wa Vita vya Majimaji. Mimi naona ni hadithi ya mtu mwenye mashaka. Kinjeketile anaingia mtoni Rufiji, anatoka mkavu, anawapa watu maji na umoja. Sawa. Lakini mzimu umemwambia pia kwamba wakishamtoa Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Neno hilo linamtafuna. Kwani tunamfukuza bwana mmoja ili tumpokee mwingine? Hapo ndipo anapoanza kuyaogopa maji yake mwenyewe, wakati watu wameshayaamini kuliko anavyoyaamini yeye.

Darasani tulilipita neno lile kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Sasa hebu lisemwe jukwaani Kilindoni, jioni, watu wamekaa mikekani! Seyyid Said alikwisha kufa 1856 na Majimaji ilianza 1905, lakini hapa jina hilo si la kitabuni. Mpaka 1890 Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ndipo ikaangukia kwa Wajerumani. Minazi ya kisiwa hiki ililimwa na watumwa. Katika watazamaji wangu kuna mjukuu wa mwenye shamba na mjukuu wa aliyelima, na labda wamekaa mkeka mmoja, labda wameoana. Nani atakohoa? Nani atainamisha uso? Mwelekezi atakayeikimbilia vita ya Mahenge na bunduki zake, akaipitisha sehemu hii harakaharaka, atakuwa ametunyang'anya mchezo wetu.

Kuna na shida ya mtoni. Mtu kuzama na kuibuka mkavu ukumbini ni rahisi, zima taa, washa taa. Lakini utamdanganya nani hapa? Watu wanajua mtu anakaa chini ya maji kwa muda gani. Mimi nisingemwonyesha hata kidogo. Ningewaonyesha wanaomsubiri ufukweni tu, maana kusubiri mtu aliye majini tunakujua.

Wa pili ni Mashetani (1971), wa Hussein huyohuyo. Wasomi watakueleza kwamba yule Shetani chini ya mbuyu ni ukoloni uliorudi kwa mlango mwingine. Sibishi. Ila kwa bibi yangu shetani ni shetani, ana jina lake na anataka ubani. Kitaru na Juma, vijana wa chuo kikuu, wanapocheza ule mchezo wao wa binadamu na shetani, mtazamaji wa Mafia ataogopa kwanza, maana aitafute baadaye. Naona huo ndio utaratibu mzuri. Sehemu za maongezi marefu ya kisomi, sio siri, zitachosha, na ningekata.

Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) ni ya tatu. Wanawake wa Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo na haisimami. Ichezwe uwanjani, mchana, na wanawake wenyewe, wale ambao siku nzima wanasuka ukindu huku wakisutana na kupatana. Hawatahitaji mazoezi mengi.

Wa nne nilitaka Mabepari wa Venisi, Shakespeare wa Mwalimu Nyerere wa 1969. Mtu aliyeweka mali yake yote baharini huku anadaiwa, hapa haelezwi. Lakini mavazi yale nani atashona? Nimeufuta kwa penseli, sio kwa wino.

Kinjeketile nimempangia Novemba, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, bahari ikiwa ya kuvukika. Nataka watu wa Nyamisati na Mohoro waje nao, maana mto ni wao. Wakae mbele.