Kushusha Kanopi Bila Kuitundika

Kuanzia Novemba hadi Aprili, pikapu inayosafiri kati ya Lilongwe na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, takriban kilomita 45, haiwezi kubeba unga wala sementi bila kanopi ya kufunika bodi. Mvua ikishakatika na mahindi kuvunwa, kanopi hiyohiyo inakuwa kero. Magunia hayawezi kupangwa kupita kimo chake, kabati haliingii, na ganda lenyewe, ambalo kwa kawaida lina kilo 60 hadi 100 likiwa la faiba, linakula nafasi ya gunia zima la kilo 50 au hata mawili katika uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Ndipo mwenye gari anapoamua kuishusha.

Ushauri unaosikika sana ni kufunga kamba na kapi kwenye boriti za paa, kuivuta kanopi juu na kuiacha ikining'inia hadi masika mengine. Hiyo ni njia ya gereji yenye fremu ya chuma. Mbao za paa la bati katika nyumba ya kawaida zimepigwa misumari kwa ajili ya kubeba bati, basi. Isitoshe, kapi hupunguza nguvu ya mvutaji tu. Mzigo wote unabaki kwenye boriti, tena unaongezeka kwa nguvu ya yule anayevuta. Kwa hiyo, kwa mazingira haya, kanopi ni ya kuegemezwa kutoka chini.

Kazi huanza na umeme. Waya wa betri wa hasi unafunguliwa, kisha plagi ya taa ya breki iliyo juu ya mlango wa nyuma inachomolewa na ncha yake kufungwa tepu. Zinafuata klampu zinazoibana kanopi kwenye kingo za bodi; mara nyingi ni nne au sita. Kila moja iandikwe mahali ilipotoka, halafu zote ziingie kwenye kopo moja na nati zake. Mpira wa kuzuia maji hugandamana na rangi kwa joto na vumbi, hivyo ubanduliwe taratibu kwa kipande cha mbao chembamba, si kwa bisibisi.

Hapa kuna jambo linalosahaulika. Nyuma, kanopi haina ukingo wa chini unaounganisha pande mbili. Ikinyanyuliwa hivyohivyo, miguu yake hutanuka na nyufa huanzia kwenye pembe za madirisha. Ubao uliokatwa kwa upana kamili wa bodi ufungwe pale kwanza.

Watu wanne, kila mmoja kwenye kona yake, wanainua kiasi cha kupitisha nguzo mbili za mkaratusi zinazokingama bodi, moja mbele na moja nyuma. Ncha za nguzo zinakaa juu ya mapipa yaliyoongezwa matofali, nje ya gari. Mlango wa bodi unalazwa, kisha gari linasogea mbele polepole na kuiacha kanopi imesimama. Tatizo ni springi: zikitua mzigo, bodi hupanda na kuigusa nguzo. Dawa yake ni kupakia magunia machache ya mchanga kabla ya kuinua. Kushusha chini ni tofali moja kila upande kwa zamu, ili ganda lisipindike.

Mahali pa kuiweka ndipo penye mtihani, hasa Dzaleka. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000. Sasa wanaishi zaidi ya 50,000, na nyumba zimesongamana. Kuisimamisha ubavuni kunaokoa nafasi lakini kunaelekeza uzito wote kwenye vioo. Afadhali ilale kama ilivyokuwa kwenye gari, kingo zake zikiegemea urefu mzima juu ya nguzo na matofali. Matofali ndiyo yaguse ardhi, kwa sababu mchwa hawachelewi kuifikia mbao iliyogusa udongo. Chini yake panabaki nafasi ya kuweka magunia matupu na majembe. Turubai juu ni lazima, kwa sababu jua hupausha faiba na kuupasua mpira, ila upepo upite pembeni. Mpira upakwe silikoni. Grisi na mafuta ya petroli huuvimbisha. Kamba za turubai nazo zifungwe kwenye vigingi.

Wakati wa kuirudisha, kabla ya mvua za Novemba, hatua ni zilezile kinyumenyume. Klampu zikazwe kidogokidogo kwa kukingamisha kona, kisha zikazwe tena baada ya safari ya kwanza kwenye barabara ya vumbi, maana mpira hubonyea na nati hulegea.