Speed Twin: injini nzuri iliyonyooshwa kupita kiasi

Ukitaka kugombana na wapenzi wa pikipiki za zamani, waambie kwamba Speed Twin ya Triumph ina kasoro kwenye krankshafti. Mimi nasema hivyo, na bado naiona kuwa mojawapo ya injini nzuri zaidi zilizowahi kuchorwa. Yote mawili ni kweli, na yote yanatokana na uamuzi mmoja.

Turudi Uingereza, mwaka 1937. Pikipiki nyingi za huko zilikuwa na silinda moja kubwa. Edward Turner akaja na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, jumla cc 498, kila pistoni ikiwa na upana wa milimita 63 na mwendo wa milimita 80. Hakuwa wa kwanza, hata ndani ya Triumph yenyewe: Val Page alishatengeneza pacha ya cc 649 mwaka 1933, dude zito la kuvuta kigari cha pembeni, na halikuuzika. Ujanja wa Turner ulikuwa kwenye kubana. Injini yake iliingia kwenye fremu iliyokuwa ya pikipiki ya silinda moja, na ikawa nyepesi kidogo kuliko ile iliyoitoa. Mnunuzi mwenye wasiwasi na mambo mapya aliona umbo alilolizoea.

Sasa basi, ndani kuna nini? Pistoni zote mbili hupanda pamoja na kushuka pamoja. Moja ikilipua, nyingine inavuta hewa. Mzunguko unaofuata wanabadilishana zamu. Kwa hiyo kila mzunguko una mlipuko mmoja, kwa nafasi sawa, na kabureta moja inalisha silinda zote mbili bila moja kumpunja mwenzake. Mlio unakuwa laini, na injini inavuta vizuri hata ikienda polepole.

Kumbe kuna deni. Pistoni mbili zinazokwenda pamoja ni sawa na pistoni moja nzito. Hebu tupige hesabu. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, krankshafti inazunguka mara 100 kwa sekunde, na pistoni inasimama na kugeuka mara 200. Mchapuko wake kwenye ncha za mwendo ni takriban mita 15,800 kwa sekunde mraba, yaani kama mara 1,600 ya mvutano wa dunia. Kila gramu ya pistoni inavuta kana kwamba ina kilo moja na nusu na zaidi! Mafundi huweka uzito upande wa pili wa krankshafti, lakini uzito huo unazunguka ilhali pistoni inapanda na kushuka tu. Kwa hiyo ukiondoa mtikisiko wa juu na chini, unauzalisha wa mbele na nyuma. Unachagua tu utikisike upande gani.

Je, Turner angeweza kuziachanisha, moja ipande nyingine ikishuka? Angeweza. Lakini hapo injini ingeyumba kushoto na kulia, na milipuko ingekuja miwili ya haraka halafu kimya kirefu. Kwa cc 500, kwa kasi za barabara za wakati ule, naona alichagua sawasawa.

Ugomvi wangu ni na yaliyofuata. Nguvu ya mtikisiko hukua kwa mraba wa kasi: ongeza mizunguko mara mbili, mtikisiko unapanda mara nne. Na bado, Thunderbird ya 1950 ikapanuliwa hadi cc 649, pistoni milimita 71. Bonneville ya 1959 ikatoa nguvu farasi 46 kwenye mizunguko 6,500. Miaka ya 1970 ikafika cc 744. Mpangilio wa krankshafti? Uleule! Na viwanda vingine vya Uingereza vilivyoiga, BSA na Norton wakiwemo, vilirithi ugonjwa pamoja na uzuri.

Norton angalau walikiri. Commando ya 1967 iliifunga injini kwenye raba, ikatikisika peke yake huku mpanda farasi huyu wa chuma akistarehe. Ni akili, ila raba zikichakaa au zikiachwa bila kurekebishwa, pikipiki inaanza kuyumba kwenye kona. Dawa ya kweli, yaani shafti za ziada zenye uzito unaozunguka kinyume, ilikuwa inajulikana tangu mwanzo wa karne, kazi ya Frederick Lanchester kwenye magari. Bonneville za Triumph ya leo wanazo.

Wapo wanaosema eti mtetemo ndio roho ya pikipiki hizi. Sikubali. Mtetemo unalegeza boliti, unakata balbu, unatia ganzi vidole. Roho iko kwenye ule mvuto wa taratibu kutoka chini.

Ukibahatika kuiona Speed Twin ya mwanzo kabisa, inama uhesabu boliti zinazoshika kitako cha silinda. Zilikuwa sita. Kufikia 1939 zilikuwa nane.