Njaa na Mpaka wa Dharura



Mjukuu wangu amenisomea na kunifasiria, kila usiku baada ya sala ya Isha, riwaya ya Kiingereza iitwayo The Death of Grass, yaani Kufa kwa Nyasi. Ilitoka mwaka 1956, na aliyeiandika ni Samuel Youd, ambaye kitabuni amejiita John Christopher.

Kisa chenyewe ni hiki. Maradhi yanazuka China na kuua mpunga. Waingereza wanaitazama njaa ya Asia kwa mbali, kama mtu atazamaye moto wa nyumba ya mwenziwe. Kisha maradhi yanageuka, yanashika ngano, shayiri na malisho ya wanyama. Nawe msomaji hebu fikiri: mpunga, ngano, mahindi, mtama, hata muwa, yote ni jamii moja ya nyasi.

John Custance, mhandisi wa London, anapata habari kuwa serikali imekusudia kuipiga miji yake yenyewe kwa mabomu ili kupunguza walaji. Anakimbia na mkewe, watoto na rafiki zake kwenda kaskazini, bondeni kwa nduguye David, aliyepanda viazi. Njiani wanawaua askari kizuizini. Halafu wanaiendea nyumba ya mkulima asiyewakosea neno, wanamuua yeye na mkewe, wanachukua chakula chao. Wanapofika bondeni, David hawezi kuwapokea wote. Wanapigana, na David anauawa.

Sifa ya kitabu hiki ni kwamba kila dhambi inaingia kwa mlango mmoja: "Ni kwa ajili ya watoto." Hakuna aliyeamka asubuhi akanuia kuwa jambazi. Damu ya kwanza inawatetemesha, ya pili inawasumbua kidogo, ya tatu hawaihisi.

Lakini mwandishi anatutaka tukubali kuwa njaa haimwachii mtu hiari. Hapo simfuati. Wanavyuoni wetu waliijua njaa, wakasema kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa, hata mzoga, ila kwa kadiri yake tu. Na dharura yako haibatilishi haki ya mwenzio. Ama kuua nafsi isiyo na hatia, hilo halina dharura. Yule mkulima hakuombwa hata kipande cha mkate. Ikiwa njaa ndiyo iliyomuua, mbona risasi ilitangulia kabla ya ulimi?

Nabii Yusuf, alayhi salaam, naye alijiwa na ndugu zake wakati wa njaa, nao ndio waliomtupa kisimani. Akawajazia mizigo yao.

Tulipokwisha, mjukuu wangu akaniuliza: "Babu, na sisi tungefanyaje?" Nikamwambia kuwa swali hilo halingoji siku ya njaa. Hujibiwa leo, jirani anapopiga hodi na chungu chetu kimejaa.

Wallahu aalam.